Posta ya Springdale na bamba la Rachel Carson

Bahasha inayokwenda Springdale, Pennsylvania, huandikwa jina la mji, herufi PA na namba 15144. Jina la Rachel Carson, mwanabiolojia na mwandishi aliyezaliwa mjini hapo, halimo, japokuwa tangu Agosti 2007 sheria ya Marekani inaliita jengo la posta la mji huo, 896 Pittsburgh Street, Rachel Carson Post Office Building. Barua zinafika vilevile. Mkazi anayekwenda kununua stempu anaaga nyumbani kuwa anakwenda posta, basi.

Nimeanza na bahasha kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia posta imepewa jina la mtu anafikiria anwani moja kwa moja, na ana haki. Kwetu posta ndiyo anwani: unaandika S.L.P., namba ya sanduku, kisha jina la posta, iwe Lushoto, Mpwapwa au Chake Chake. Posta ya Lushoto ikibadilishwa jina leo, kila shule, msikiti, kanisa na duka lenye sanduku pale litalazimika kuchapa upya karatasi za barua na kuchonga upya mihuri, na barua zitatangatanga kwa muda mrefu kabla mambo hayajakaa sawa. Wamarekani hawagusi huko kabisa. Kwa kazi ya barua, posta inabaki na jina lake la zamani. Kinachopewa jina ni jengo, na jina lenyewe hukaa kwenye bamba dogo ukutani, ndani ya ukumbi wa wateja. Maandishi ya nje hayabadiliki.

Jambo lenyewe ni dogo namna hiyo, lakini linahitaji sheria kamili: muswada, kamati, kura ya Baraza la Wawakilishi, ridhaa ya Seneti na saini ya rais. Kuna mabunge ya miaka ya karibuni ambapo karibu sheria moja kati ya tano zilizopitishwa ilikuwa ya kuipa posta jina. Wachambuzi wa siasa za kule hulitaja hilo kwa kejeli, kama ushahidi kwamba Bunge lao limeshindwa kukubaliana juu ya kingine chochote. Majina mengi ni ya askari waliokufa vitani, wanasiasa na watu mashuhuri wa mji husika. Wanasayansi ni wachache, na sidhani kama wananyimwa: mara nyingi hakuna aliyewaombea.

Muswada wenyewe ni mfupi kuliko tangazo la kazi. Una vifungu viwili. Cha kwanza kinasema kwamba jengo la Shirika la Posta la Marekani lililopo namba fulani, mtaa fulani, mji fulani na jimbo fulani, litajulikana na kuitwa hivi. Cha pili kinasema popote jengo hilo linapotajwa katika sheria, ramani, kanuni, hati au kumbukumbu yoyote ya taifa, lichukuliwe kuwa limetajwa kwa jina hilo. Hakuna fungu la fedha, hakuna wasifu wa anayeenziwa, hakuna hata sentensi ya kueleza kwa nini yeye. Sifa zote husemwa kwa mdomo siku ya mjadala na kuingia kwenye kumbukumbu rasmi, ile ambayo kwetu tungeiita Hansard. Kumbuka ukavu huu wa maneno, nitaurudia.

Kwa kuwa sheria nzima imening'inia kwenye anwani, anwani ndiyo ya kushughulikia kwanza kwa anayetaka kumwombea mwanasayansi jengo la posta. Namba ya jengo, na kama ni "Street" au "Avenue", lazima vilingane na kumbukumbu za Shirika la Posta, maana ubao wa mlangoni na jinsi majirani wanavyotamka havitoshi. Sheria haifutwi kwa wino mweupe: kosa likishasainiwa na rais, kulirekebisha ni kurudi bungeni na muswada mwingine. Angalia pia kama jengo halina jina tayari. Unaweza kulipita kila siku usijue limeshapewa jina la mtu, kwa sababu bamba liko ndani, pengine karibu na masanduku ya kukodi ambako huna shughuli. Kisha uliza jengo ni la nani. Posta nyingi za Marekani ziko kwenye majengo ya kupanga, na mkataba ukiisha shirika linaweza kuhamia upande wa pili wa barabara. Sheria inataja anwani ile ile ya mwanzo na haisemi lolote kuhusu jengo jipya. Penye posta mbili mjini, moja ya kupanga na nyingine ya matofali iliyojengwa na serikali tangu zamani, mimi ningeombea ya matofali.

Muswada huwasilishwa na mbunge wa eneo ambako jengo lipo. Hili linawakwaza watu wanaoishi ng'ambo ya mto au upande wa pili wa barabara kuu, kwani mipaka ya majimbo ya uchaguzi ya kule hukatiza mitaa kama nyoka, na posta unayoitumia inaweza kuwa kwa mbunge ambaye wewe humpigii kura. Kwa Waswahili walioko Columbus, Minneapolis au kwingineko, kumwandikia mbunge hakuhitaji uraia, lakini barua yenye anwani ya mkazi wa eneo lake husomwa kwa jicho tofauti na barua ya mtu wa mbali. Peleka kwenye ofisi yake ya nyumbani, sio ya Washington. Wafanyakazi wa ofisi ya nyumbani wanaijua posta yenyewe, wanamjua meneja wake, na wanajua kama kuna familia ya askari aliyefariki ambayo imeshaomba jengo hilo hilo. Ikiwa ipo, tafuta jengo jingine. Hakuna mbunge atakayekubali kumshindanisha mwanabiolojia na marehemu wa vita, na usimtie kwenye jaribu hilo.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya kukusanya majina. Kamati ya Baraza la Wawakilishi inayosimamia posta ina desturi ya kutaka wabunge wote wa jimbo husika wajiunge kama wadhamini wenza, wa vyama vyote viwili. Pennsylvania mwaka 2007 ilikuwa na wabunge 19. California ina 52, wakati Wyoming ina mmoja tu, kwa hiyo huko mdhamini akijisainia mwenyewe kazi imekwisha. Kwenye Seneti, kamati inayoshughulikia usalama wa ndani na mambo ya serikali hutazama kama maseneta wote wawili wa jimbo wanaunga mkono. Kamati hiyo pia kwa kawaida haipitishi jina la mtu aliye hai, isipokuwa makundi machache kama marais wastaafu na askari waliojeruhiwa. Nobel haimo kwenye makundi hayo. Kama mwanasayansi wako yu hai, mtakie maisha marefu na utafute njia nyingine ya kumuenzi.

Muswada ukitoka kamati, Baraza la Wawakilishi huupitisha kwa utaratibu wa haraka: mjadala wa dakika 40, hakuna marekebisho, na ushindi ni theluthi mbili ya kura. Mara nyingi haifiki hata kuhesabu. Spika anauliza, walioafiki wanaitikia, wanaendelea na posta inayofuata, kwa maana miswada hii hupangwa kwa mafungu kama mikate. Mbunge yeyote anaweza kudai kura ihesabiwe, na hapo ndipo mwanasayansi anapotofautiana na mchezaji wa besiboli. Seneti nayo hupitisha kwa ridhaa ya wote, bila kura, na kwa utaratibu huo seneta mmoja tu akisema hapana, muswada unasimama. Hakuna theluthi wala nusu.

Carson alizaliwa Springdale tarehe 27 Mei 1907, na nyumba ya familia yake bado ipo mjini hapo kama makumbusho. Alisoma Pittsburgh, akapata shahada ya uzamili ya zuolojia Johns Hopkins mwaka 1932, akafanya kazi miaka mingi katika idara ya serikali ya uvuvi na wanyamapori hadi kuwa mhariri mkuu wa machapisho yake, akaacha kazi mwaka 1952 aandike. Kitabu chake Silent Spring kilitoka Septemba 1962, kikieleza jinsi DDT na viuatilifu vingine vilivyokuwa vikimwagwa hovyo vinavyopanda kutoka kwa mdudu hadi kwa ndege hadi kwa binadamu. Aliugua saratani ya matiti na kufariki Aprili 1964 huko Silver Spring, Maryland. Mwaka 1980 alipewa, akiwa marehemu, Nishani ya Rais ya Uhuru.

Kwa wasifu huo, na karne ya kuzaliwa kwake ikiwa inakaribia, ungetegemea jina lipite kama maji. Mbunge Jason Altmire, aliyekuwa ameingia bungeni Januari 2007 hiyo hiyo, aliwasilisha muswada namba H.R. 1434. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Aprili, lakini kwa kura zilizohesabiwa, na wabunge kadhaa wakapiga ya hapana. Kura ya hapana kwa jina la posta ni kitu adimu. Hoja yao ilikuwa malaria: kwamba kitabu cha Carson kilisababisha DDT ipigwe marufuku, na marufuku hiyo ikaua watoto wa Afrika. Mwezi uliofuata, Seneta Ben Cardin wa Maryland alitaka Seneti itoe azimio la kumsifu Carson kwa miaka 100 ya kuzaliwa kwake. Seneta Tom Coburn wa Oklahoma, daktari kwa taaluma, alitangaza kulizuia kwa hoja hiyo hiyo. Azimio likakwama.

Hoja hii inatugusa sisi moja kwa moja, basi tuipime. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani kwake mwaka 1972. Unguja na Pemba zilipuliziwa DDT majumbani katika mpango wa kutokomeza malaria ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Malaria ikashuka sana. Mpango ukasimamishwa mwaka 1968, ugonjwa ukarudi. Ulisimamishwa, yaani, miaka minne kabla ya marufuku ya Marekani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaodhibiti sumu hizi duniani, unaruhusu hadi leo DDT itumike kupambana na wadudu waenezao magonjwa, na Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwaka 2006 kwamba linaunga mkono upuliziaji wa ndani ya nyumba, DDT ikiwamo. Tena Carson mwenyewe alionya kwamba kupulizia kupita kiasi kunawafanya mbu wawe sugu, jambo ambalo mtu yeyote wa kitengo cha malaria Tanzania au Kenya atakueleza kuwa ndilo linalomkosesha usingizi. Mtu anaweza kubishana na Carson kwa mengi, lakini vifo vya watoto wa Afrika kumtwika yeye ni kutojua kalenda.

Muswada wa posta haukuuawa na ubishi huo. Ulipita Seneti na kusainiwa na Rais George W. Bush mwezi Agosti. Azimio la kumsifu lilikwama, posta ikapita. Sisemi sababu ilikuwa moja, mambo ya Seneti yana vichochoro vyake, lakini linganisha karatasi mbili. Azimio limejaa sifa, na kila sifa ni shabaha. Muswada wa posta una anwani na jina tu: utapinga neno gani? Ndiyo maana naonya watu wasiombe wasifu uingizwe kwenye muswada, hata kama mbunge mwenyewe anataka kuonyesha moyo. Sifa ziwekwe kwenye hotuba.

Onyo hilo ni la wanasayansi hasa. Askari na mchezaji hawana mpinzani aliyelipwa. Mwanasayansi ambaye kazi yake iligusa viuatilifu, tumbaku, nyuklia au hali ya hewa anao, wakati mwingine miaka arobaini baada ya kuzikwa. Kabla ya kupeleka ombi, tafuta hoja mbaya kuliko zote iliyowahi kusemwa dhidi yake na uandike jibu la aya moja lenye miaka na majina ya mikataba, kama nilivyofanya hapo juu. Mpe mfanyakazi wa mbunge pamoja na ombi. Atalitunza kwenye jalada, na siku simu ikilia kutoka ofisi ya seneta wa jimbo la mbali, hatakuwa anababaika kwenye intaneti.

Ombi lenyewe liwe kurasa mbili zisizidi: anwani kamili ya jengo, jina kamili jinsi linavyotakiwa kusomeka kwenye bamba, tarehe za kuzaliwa na kufariki, na sentensi moja ya kumfunga mtu huyo na mji huo. Sentensi hiyo ni ngumu kwa wanasayansi kwa sababu wanahama sana. Carson angeweza kudaiwa na Silver Spring alikofia, au na pwani ya Maine alikokuwa akichunguza viumbe wa maji kupwa. Springdale ilishinda kwa hoja isiyohitaji maelezo: amezaliwa hapa, nyumba ile pale. Amua mapema pia kuhusu cheo. "Dr." ikiingia kwenye muswada itasomwa kwenye bamba milele, na isipoingia, familia inaweza kununa. Familia iulizwe kwanza kwa maandishi, na jibu liambatanishwe. Barua ya baraza la mji na ya shule ya karibu zinasaidia. Orodha ya saini elfu mbili haisaidii kiasi watu wanavyodhani.

Sheria ikishasainiwa, Shirika la Posta huwasiliana na ofisi ya mbunge kuhusu maneno ya bamba na siku ya sherehe. Bamba ni la muundo wa kawaida, hakuna nafasi ya sanamu wala kanuni ya fizikia. Soma nakala ya mwisho kabla halijatengenezwa, herufi kwa herufi. Mkazi mmoja mwenye macho ya mwalimu anatosha kwa kazi hiyo.

Wapo watakaoona jengo ni mzunguko mrefu mno, na wanaweza kufikiria stempu. Njia hiyo haipiti bungeni kabisa. Mapendekezo huenda kwa kamati ya raia inayolishauri Shirika la Posta. Mtu awe amefariki angalau miaka 3, na wazo lipelekwe angalau miaka 3 kabla ya mwaka unaoutaka. Carson alipata stempu ya senti 17 mwaka 1981, miaka 26 kabla ya jengo. Mwaka 2005 zilitoka nne za senti 37 kwa pamoja: Barbara McClintock, Richard Feynman, Josiah Willard Gibbs na John von Neumann. Stempu inasafiri, bamba linakaa. Lakini mashindano ya stempu ni ya nchi nzima, wakati jengo unashindana na mji wako tu.

Kwetu sijaona sababu ya kuiga safari ya bungeni, ila wazo la kutenganisha jengo na anwani lingetufaa. Nairobi, Forest Road ilipopewa jina la Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama kabla ya kuwa mpanda miti maarufu kuliko wote, madereva waliendelea kusema Forest Road. Dar es Salaam bado watu wanashuka Posta Mpya, ambayo haijawa mpya kwa miongo kadhaa, na Posta ya Zamani. Mazoea ya kituo cha daladala hayashindiki kwa tangazo. Posta yenye bamba la mwanasayansi ndani, na S.L.P. zake zikibaki kama zilivyo, haimlazimishi mtu yeyote kubadili chochote, na kijana anayesubiri foleni ana kitu cha kusoma.

Kwa aliyeko Marekani, angalizo la mwisho ni la kalenda. Bunge la kule huishi miaka miwili, na muswada ambao haujamaliza safari Bunge linapovunjwa hufa, hata kama ulibakiza ridhaa ya Seneti tu. Unaanza upya, na namba mpya, na wadhamini wale wale wa kutafutwa tena mmoja mmoja. Bunge jipya huanza mapema Januari ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili: 2027, 2029 na kuendelea. Barua yako iwe imeshamfikia mbunge kabla ya Februari.